Matangazo ya Kulipwa kwa Maonyesho: Jinsi ya Kusoma Takwimu za Tovuti Yako na Kuongeza Mapato

"Nimepata watembeleaji elfu tano mwezi huu, mbona dola mbili tu?" "CPM ni nini hasa?" "Mwenzangu ana wasomaji wachache kuliko mimi, anapataje zaidi?" Maswali haya matatu yanajirudia kila anapotokea mmiliki mpya wa tovuti, na mara nyingi hujibiwa nusunusu. Mwongozo huu unayajibu kwa vitendo. Mifano ni ya Google AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye tovuti yako na kukulipa, kwa kuwa ndiko wengi huanzia, lakini hesabu ni zilezile kwenye mitandao mingine ya matangazo.

Jambo moja kwanza. Novemba 2023 Google ilitangaza kwamba AdSense inahama kutoka kulipa hasa kwa kubofya na kwenda kulipa kwa onyesho, na mabadiliko yakaanza kutumika mapema 2024. Ukikutana na ushauri wa zamani wa "bandika tangazo karibu na kitufe cha kupakua ili watu wabofye", uache hapohapo. Umepitwa na wakati, na unaweza kukufungia akaunti.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Tovuti unayoweza kuhariri sehemu yake ya juu ya msimbo na kuweka faili kwenye folda kuu ya kikoa. Blogger nayo inafaa. Ina sehemu yake maalumu ya kuweka ads.txt, faili tutakalolieleza hatua ya 1.
- Akaunti ya AdSense iliyoidhinishwa. Mwenye akaunti awe ametimiza miaka 18. Kabla ya kuomba, fungua orodha ya lugha zinazokubaliwa uhakikishe lugha ya makala zako imo.
- Sanduku la posta unalolifikia kweli, kwa sababu kuna barua itakuja.
- Akaunti ya benki inayopokea fedha kutoka nje, yenye jina lilelile la akaunti ya AdSense, pamoja na msimbo wa SWIFT wa benki hiyo, yaani utambulisho wake katika uhamisho wa kimataifa.
- Google Analytics au kipimo kingine cha watembeleaji, ili uwe na namba za kulinganisha.
- Lahajedwali. Daftari pia linatosha.
- Kwa tovuti ya habari iliyoko Tanzania, leseni ya maudhui mtandaoni kutoka TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania). Hili halihusiani na Google, ila usilisahau.

Na uwe na takwimu za siku 28 angalau. Takwimu za siku tatu hazisemi kitu.

## Nadharia kidogo tu

Mtu akifungua ukurasa wako, kila nafasi ya tangazo hutuma ombi. Kwa sehemu ndogo ya sekunde mnada hufanyika kati ya watangazaji. Anayeshinda, tangazo lake hupakiwa. Likianza kupakiwa kwenye kifaa cha msomaji, hilo ni onyesho moja. Ombi lisilopata mnunuzi halizai onyesho, hivyo halilipwi.

CPM ni bei ya maonyesho 1,000. CPM ya dola 1.20 maana yake maonyesho 50,000 yanagharimu dola 60. Hiyo ndiyo bei anayoiona mtangazaji. Kwenye ripoti yako utaona vitu viwili tofauti: Impression RPM, yaani ulichopata kwa kila maonyesho 1,000, na Page RPM, ulichopata kwa kila kurasa 1,000 zilizotazamwa. Anayechanganya hivi viwili hawezi kuelewa ripoti yoyote.

Na mgawanyo? Mtangazaji akinunua kupitia Google Ads, jukwaa la Google la wanaonunua matangazo, na kulipa dola 1, Google Ads hubaki na wastani wa asilimia 15. Katika senti 85 zinazobaki, AdSense inakupa asilimia 80, yaani senti 68. Akinunua kupitia jukwaa jingine, jukwaa hilo hukata ada yake kwanza, kisha unapata asilimia 80 ya kilichobaki.

## Hatua kwa hatua

1. Hakikisha nafasi zako zinaruhusiwa kuuzwa.

Fungua tovutiyako/ads.txt kwenye kivinjari. Unapaswa kuona mstari wa namna hii:

google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0

Badala ya sifuri, weka tarakimu 16 za akaunti yako. Zinakiliwe kutoka AdSense kwenyewe, zisiandikwe kwa kichwa. Sehemu ya mwisho, inayoanza na f08c, ni utambulisho wa Google na ni ileile kwa kila mtu. Faili hili huwaambia wanunuzi ni nani ameruhusiwa kuuza nafasi za kikoa chako. Likikosekana au likiwa na namba ya mtu mwingine, wanunuzi wengi hujiondoa kwenye mnada, bei inashuka, na wewe unabaki kulaumu wasomaji.

2. Panga ripoti moja utakayoitumia daima.

Chagua siku 28 zilizopita. Weka safu za kurasa zilizotazamwa, maombi, maonyesho, Coverage (asilimia ya maombi yaliyopata tangazo), Active View Viewable (asilimia ya matangazo yaliyoonekana kweli), Impression RPM, Page RPM na mapato. Ihifadhi. Kisha tengeneza nakala tatu: ya kwanza igawanywe kwa nchi, ya pili kwa aina ya kifaa, ya tatu kwa nafasi ya tangazo.

Angalia na saa. Usipobadilisha mpangilio, siku ya AdSense huanza usiku wa manane wa California. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni saa nne asubuhi, au saa tano asubuhi miezi ambayo Marekani haiko kwenye saa za kiangazi. Ndiyo maana ukifungua dashibodi alfajiri unaona "leo" ina mapato makubwa ajabu, kumbe siku yao ilianza jana yetu asubuhi na bado haijaisha.

3. Piga hesabu yako mwenyewe mara moja.

Tuseme kurasa 40,000 zilitazamwa kwa mwezi, na kila ukurasa una nafasi 3. Hayo ni maombi 120,000. Coverage ikiwa asilimia 70, unapata maonyesho 84,000. Impression RPM ikiwa dola 0.50, mapato ni 84 × 0.50 = dola 42. Gawanya 42 kwa 40 upate Page RPM: dola 1.05.

Weka namba zako kwenye mnyororo huohuo. Ukishafanya hivyo, swali la "kwa nini nalipwa kidogo" linapata anwani. Tatizo liko kwenye kurasa, kwenye maombi yasiyopata mnunuzi, au kwenye bei. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine. Wanaoanza karibu wote hukimbilia kuongeza wasomaji hata pale ambapo tatizo ni bei.

4. Tenganisha nchi.

Hapa ndipo penye jibu la yule mwenzako mwenye wasomaji wachache. Chukua mfano huu: maonyesho 30,000 kutoka Tanzania kwa dola 0.30 kwa elfu ni dola 9. Maonyesho 2,000 kutoka Ujerumani kwa dola 4 kwa elfu ni dola 8. Jumla dola 17, wastani dola 0.53. Wastani huo haumwelezi msomaji wa Tanzania wala wa Ujerumani. Wasomaji kumi na tano wa nyumbani na mmoja wa ughaibuni wanakaribiana kwa thamani mbele ya mnada, kwa sababu watangazaji wanaoshindana kumfikia yule wa Ulaya ni wengi na bajeti zao ni kubwa.

Fanya nini na taarifa hii? Usianze kuandika Kiingereza kibovu kwa ajili ya Wamarekani. Angalia ni makala zipi za Kiswahili zinazosomwa na walio Ulaya, Ghuba na Amerika Kaskazini: taratibu za pasipoti, kutuma fedha nyumbani, kununua kiwanja ukiwa mbali, kufundisha watoto Kiswahili. Ongeza za aina hiyo. Mada nazo zina bei: fedha, bima, elimu na safari huvutia wanunuzi kuliko udaku na mashairi ya nyimbo, hata kama udaku una watembeleaji mara kumi.

5. Pima kama matangazo yanaonekana kweli.

Onyesho kuhesabiwa si lazima liwe limeonwa. Tangazo lililoko chini kabisa ya ukurasa linaweza kupakiwa bila msomaji kufika huko. Kipimo kinachotumika kwenye sekta hii ni cha Media Rating Council, chombo cha Marekani kinachoweka viwango vya kupima matangazo: angalau asilimia 50 ya pikseli za tangazo ziwe kwenye skrini kwa sekunde 1 mfululizo. Tangazo kubwa, la pikseli 242,500 au zaidi (kwa mfano 970×250), linahitaji asilimia 30 tu. Video ni asilimia 50 kwa sekunde 2.

Safu ya Active View Viewable inakuonyesha asilimia hiyo kwa kila nafasi. Ikiwa chini ya 40, nafasi hiyo ishughulikie kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Ikipita 60, iache ilivyo. Watangazaji wengi wakubwa huweka sharti la kuonekana kabla ya kutoa bei, hivyo nafasi isiyoonwa huwafukuza walio na fedha na kukuachia wale wa bei ya mwisho.

Namna za kuipandisha:

- Hamisha tangazo la mwisho wa ukurasa uliweke baada ya aya ya tatu au ya nne ya makala.
- Weka mpangilio wa kupakia tangazo pale tu msomaji anapolikaribia. Maonyesho yatapungua kidogo kwenye ripoti. Usiogope, yanayopungua ni yale yasiyoonwa.
- Punguza uzito wa ukurasa. Msomaji wa simu mwenye bando dogo na mtandao wa kusuasua ataondoka kabla ya tangazo kufika. Picha ya megabaiti 3 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ndiyo mkosaji wa kawaida. Ipunguze hadi chini ya kilobaiti 150.

6. Panga ukubwa na mahali.

Kwa simu, ambako ndiko waliko wasomaji wengi wa Kiswahili, 300×250 ndani ya makala na 320×100 juu zinatosha kuanzia. Kwa kompyuta ongeza 728×90 au 300×600 pembeni. Ukubwa wa 300×250 hununuliwa na karibu kila mtangazaji, kwa hiyo mnada wake huwa na washindani wengi.

Nafasi tatu kwa makala ya maneno 800 zinatosha. Ya nne na ya tano huongeza maonyesho lakini mara nyingi hushusha bei ya zote, na msomaji harudi.

Hifadhi urefu wa nafasi mapema kwa CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa), kwa mfano min-height: 250px kwa tangazo la 300×250. Usipofanya hivyo, maandishi yataruka tangazo linapofika, msomaji atabofya asichokusudia, na mibofyo hiyo ya bahati mbaya itahesabiwa dhidi yako.

7. Shughulikia idhini ya wasomaji wa Ulaya.

Tangu 16 Januari 2024, Google inataka tovuti zinazoonyesha matangazo yaliyolengwa kwa watu walio Uingereza na Eneo la Kiuchumi la Ulaya zitumie mfumo wa idhini uliothibitishwa nayo. Uswisi iliongezwa Julai 2024. Usipokuwa nao, wasomaji hao, ambao hatua ya 4 imekuonyesha thamani yao, watapata matangazo yenye mipaka au wasipate kabisa. AdSense ina ujumbe wa idhini wa bure kwenye sehemu ya Privacy & messaging. Uwashe, uchague nchi hizo, kisha hakikisha unatokea kwa aliye huko. Mwombe ndugu au rafiki aliye Ulaya afungue tovuti, asibofye tangazo, akutumie tu picha ya skrini.

8. Badilisha kitu kimoja kwa wakati.

Siku 14 kwa kila badiliko, na ulinganishe siku zilezile za wiki. Ukihamisha nafasi, ukabadilisha mandhari na kuongeza plagini siku moja, hutajua kilichosaidia. Linganisha Page RPM, si mapato ya jumla. Mapato hupanda hata kwa makala moja iliyosambaa WhatsApp.

9. Kamilisha mambo ya malipo mapema.

Mapato yakifika dola 10, Google hutuma barua yenye PIN, namba ya kuthibitisha anwani yako, kwa posta. Isipoingizwa ndani ya miezi minne, matangazo husimama. Andika anwani kama posta yako inavyoielewa: S.L.P., mji, nchi. Jaza fomu ya kodi ya Marekani. Kwa mtu binafsi asiye raia wala mkazi wa huko ni W-8BEN. Malipo hutoka salio linapofika dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Kwa mfano wetu wa dola 42 kwa mwezi, hiyo ni mara moja kila miezi mitatu.

Benki nyingi hukata ada kwa kila uhamisho kutoka nje. Uliza ada hiyo, na kama inauma, pandisha mwenyewe kiwango cha chini cha malipo hadi dola 300 au 500 ili ukatwe mara chache.

## Ukitaka kuuza maonyesho moja kwa moja

Duka la Mombasa linaweza kukulipa bei nzuri kuliko mnada. Sema KSh 250 kwa maonyesho 1,000. Wakinunua 40,000 ni KSh 10,000. Andikeni yafuatayo kabla ya fedha kupita: seva ya nani ndiyo inayohesabu, nchi zipi zinahesabika, mtu mmoja ataonyeshwa mara ngapi kwa siku (mara 3 inatosha), na idadi isipotimia siku zitaongezwa ngapi. Seva mbili hazitoi namba sawa kamwe. Tofauti ya hadi asilimia 10 ikubalini tangu mwanzo. Google Ad Manager ya bure, programu ya kupanga na kuhesabu matangazo, inatosha kwa kazi hii.

## Makosa yanayofunga akaunti

- Kufungua ukurasa wako tena na tena ili namba zipande. Katika malipo ya maonyesho, hili ni udanganyifu sawa na kujibofyea.
- Makundi ya "nitembelee nikutembelee". Yanaonekana wazi kwenye mifumo: watu walewale, sekunde chache, kurasa zilezile.
- Kununua watembeleaji. Anayeuza watembeleaji 10,000 kwa dola 5 anakuuzia roboti.
- Kuweka msimbo unaobadilisha tangazo la AdSense kila sekunde kadhaa bila msomaji kufanya chochote. Haikubaliwi.
- Kuficha tangazo nyuma ya picha au kulibana kwenye pikseli 1. Linahesabiwa siku mbili, halafu barua inakuja.
- Kunakili makala za magazeti. Hata ukipita kwenye uidhinishaji, mapitio ya baadaye yatakukuta.

## Ikienda mrama

Maonyesho ni sifuri. Angalia ads.txt, kisha faili la robots.txt, linaloelekeza roboti kurasa zipi wasizifungue: roboti aitwaye Mediapartners-Google asiwe amezuiwa. Jaribu kwa kivinjari kisicho na kizuia matangazo. Plagini ya kuharakisha tovuti nayo inaweza kuwa inachelewesha au kufuta msimbo. Izime kwa saa moja uone.

Maombi mengi, Coverage chini ya asilimia 50. Hakuna mnunuzi. Pengine umezuia aina nyingi mno za matangazo kwenye mipangilio, au ukurasa una maandishi machache kiasi kwamba mfumo haujui unahusu nini. Ukurasa wa picha moja na sentensi mbili hauuziki.

Coverage nzuri, bei mbovu. Rudi hatua ya 4 na 5 kwa mpangilio huo.

Analytics inasema kurasa 10,000, AdSense inasema 7,500. Kawaida. Wenye vizuia matangazo, walioondoka kabla ya msimbo kupakiwa, na kurasa zisizo na tangazo hawamo kwenye hesabu ya AdSense. Shtuka tofauti ikibadilika ghafla, si ikiwepo.

Mapato yameporomoka Januari. Watangazaji humalizia bajeti zao Oktoba hadi Desemba, kisha huanza mwaka taratibu. Linganisha Januari na Januari, usivunje mpangilio wa tovuti kwa hofu.

Mapato ya makadirio yalikuwa dola 60, ya mwisho 51. Maonyesho na mibofyo isiyo halali imeondolewa. Fungua ripoti ya nchi na ya chanzo cha watembeleaji, utafute siku yenye ongezeko lisiloelezeka, mara nyingi kutoka nchi ambayo huna msomaji, na ufunge chanzo hicho.

Umeambiwa idadi ya matangazo imewekewa kikomo. Hakuna kitufe cha kukata rufaa kwa hili. Ondoa watembeleaji wa kununua, acha kusambaza viungo kwenye makundi ya kubadilishana, endelea kuchapisha kama kawaida. Kikomo hupitiwa chenyewe, na huweza kuchukua wiki kadhaa. Kubadilisha msimbo au kuhamisha matangazo kwenye tovuti nyingine hakukiondoi.

PIN haijafika. Subiri wiki nne, kisha omba nyingine ndani ya akaunti. Kabla ya kuomba, kagua kama namba ya sanduku imeandikwa sawa na kama jina la juu ya bahasha ni la mtu ambaye posta watamkabidhi barua.